Mwenye Kushika Chuma Hana Mkwe

Nimestaafu Ijumaa. Jumamosi nikaamka saa kumi na moja alfajiri kama kawaida, nikafagia uwanja wangu, ukaisha, nikahamia wa jirani. Jirani akatoka na kanga ya kulalia, macho hayajafunguka, akaniuliza, "Bibi, kuna msiba?" Nikamwambia hakuna msiba, kuna mapumziko. Kwa hiyo ninyi walimu niliowaacha pale jimu ya Iyunga, nawaandikia haya ili mikono yangu ipate kazi. Mimi nimeishia darasa la nne. Mkikuta herufi imelala, iamsheni mwendelee na safari.

Ya vyeo na mshahara siandiki. Naandika ya kuchuchumaa na chuma mgongoni mahali pasipo na stendi ya kukiwekea. Hilo ndilo nililolifanya miaka yote, na hakuna mtu aliyevunjika mkononi mwangu. Mara moja tu ilikuwa karibu. Hiyo mara moja nitaifikia, msiruke kurasa.

Kazi hii sikuanzia jimu, nilianzia Ubaruku kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Nilizaliwa vijijini Iringa, nikaolewa huko mpungani, mume akafariki, nikaomba kazi mashineni. Wanawake walikuwa wanapepeta, wanaume wanabeba magunia. Nikapepeta siku tatu, vumbi likanikaba. Siku ya nne nikasema, na mimi nipeni gunia. Walicheka mpaka mwendesha mashine akazima mtambo aje aone kinachochekwa.

Aliyeacha kucheka wa kwanza ni mzee mmoja mfupi wa kule kule Usangu, tukimwita Kapteni. Akanishika bega akasema, "Mama, gunia halibebwi kwa mgongo. Linabebwa kwa makubaliano." Makubaliano yenyewe yalikuwa haya: wawili wanakutwika kwa pamoja, wewe uliye chini ndiye unayetoa amri, na waliokutwika ndio watakaokutua. Wao wenyewe, si watu wengine. Kapteni akishamtwika mtu haendi kunywa maji, hapokei simu, hamjibu hata bosi, mpaka mtu wake atuliwe. Siku moja kibanda cha mama lishe kilishika moto, watu wote wakakimbia, Kapteni akabaki amesimama pale pale anamsubiri mtu wake arudi kutoka kwenye lori. Moto ukazimwa na wengine. Gunia likatuliwa na Kapteni. Nikasema moyoni, huyu ndiye mwalimu.

Nilipochoka na Ubaruku nikahamia kwa binti yangu Iyunga. Hapo ndipo Fundi Gwakisa aliponiajiri. Fundi Gwakisa ni fundi wa kuchomelea, na nyuma ya karakana yake alikuwa na jimu. Sakafu ilikuwa udongo ulioshindiliwa, na juu yake mpira wa matairi ya lori uliokatwa. Chuma chenyewe kilikuwa shafti ya gari bovu, pleti zilikuwa gia za malori na makopo ya rangi yaliyojazwa zege. Stendi haikuwepo. Nataka mlielewe hili vizuri: mtu aliyechomelea mageti ya nusu ya Mbeya hakuwa na stendi ya chuma kwenye jimu yake. Ukimuuliza anasema, "Nachomelea wiki ijayo, Bibi." Alisema hivyo nilipoanza kazi, na alisema hivyo Ijumaa wakati wa kuniaga, huku amevaa miwani ya kuchomelea.

Siku ya kwanza alinipa ufagio, ndoo na onyo: "Usiguse vyuma." Niligusa kabla ya saa nne.

Kulikuwa na kijana mmoja, Lusajo, mwenye kifua cha kuku wa kisasa na miguu ya kuku wa kienyeji. Alikiinua chuma kutoka chini, mgongo umepinda kama ndoano, akakirusha juu ya kichwa chake, kikashukia nyuma ya shingo ti! Nilihisi hiyo ti mpaka kwenye meno yangu. Nikaweka ufagio chini.

"We kijana, hiyo shingo umeazima?"

"Shikamoo, Bibi. Hapa tuko mazoezini."

"Marahaba. Nimeona. Na njia ya hospitali unaijua, au uelekezwe kabisa?"

Wenzake wakaanza kucheka. Lusajo akanitazama na ndoo yangu. "Bibi, hiki ni chuma. Si mpunga."

"Mgongo wako haujui kusoma kilichoandikwa kwenye gunia," nikamwambia. "Kitue."

Hakujua kukitua. Hilo ndilo lililoniudhi. Alijua kukipandisha, lakini kukishusha alikuwa anakisukuma tu nyuma na kuomba Mungu. Nikawaita wawili, huyu kushoto, huyu kulia, kila mmoja mikono miwili chini ya ncha ya chuma. Nikamweka Lusajo katikati, miguu imeachana kidogo kupita mabega, akakipokea pale kwenye nyama ya juu ya mgongo, si kwenye mfupa wa shingo. Nikamwambia, wewe ndiye mwenye mzigo, sema mwenyewe. Akasema, "Moja, mbili, twika." Wakamtwika. Akashuka, akapanda. "Tua." Wakamtua kwa pamoja. Halafu Lusajo akasema polepole, "Mbona kimekuwa chepesi?" Hakikuwa chepesi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kubebeshwa na watu wenye akili.

Kuanzia hapo ufagio ukawa kazi yangu ya pili.

Sasa niseme ya mtu aliye peke yake, kwa sababu najua mnafika alfajiri kabla ya wenzenu na mnajifanya mashujaa. Ukiwa peke yako, chuma cha nyuma ya shingo usikiguse kabisa. Chukua kile unachoweza kukiinua mwenyewe kutoka chini mpaka mabegani, taratibu, mgongo umenyooka. Kikikataa kufika mabegani, basi kimekujibu, na jibu lake ni zuri kuliko la daktari. Kikifika, kiache hapo hapo mbele, kwenye mabega, viwiko umevinyanyua, kifua juu, ushuke nacho. Kikikuzidi kiachie kianguke mbele, wewe ruka nyuma. Hakuna atakayekulilia. Kama hujui hata hilo, likumbatie kopo la zege kifuani kama mtoto aliyeamka usiku, uchuchumae nalo. Nimewaona wanaume wazima wakitetemeka mapaja kwa kopo la rangi.

Na viatu. Kandambili ni za bafuni. Kama huna kiatu cha soli ngumu, vua, ukae peku, kisigino kisinyanyuke. Niliwahi kumrudisha nyumbani diwani mstaafu kwa sababu ya kandambili. Alisema atanishtaki. Kesho yake akaja na viatu vya shule vya mjukuu wake, vinambana, na tulifanya mazoezi vizuri sana.

Kila mgeni nilimwanzisha kwa kuangusha. Wiki nzima ya kwanza, mpini wa jembe mgongoni, halafu chuma kitupu: achia mikono, kifua juu, ruka mbele, kianguke nyuma yako. Walilalamika. "Bibi, tumekuja kujifunza kunyanyua." Nawaambia, kunyanyua mtajifunza Jumatatu, leo tunajifunza kubaki hai.

Lusajo alipitia somo hilo lakini halikumwingia. Siku moja alishuka na mzigo mkubwa huku msichana mmoja wa duka la simu amesimama mlangoni anatazama. Akafika chini, kupanda hakuwezi. Sheria ni kusema "tua". Lusajo hasemi. Amekaa pale chini uso umekuwa rangi ya bilinganya, watwikaji wake wanamsubiri na mikono tayari.

"Sema tua," nikamwambia.

"Bado, Bibi."

"Umeatamia? Unasubiri yaanguliwe?"

Msichana akacheka kwa sauti. Lusajo akasema tua. Mkamwone leo, ana watoto wawili na yule msichana, na magoti yake yote mazima.

Basi tukaendelea na watwikaji wawili wawili. Lakini watu wakawa wengi, na si kila saa utapata wawili wenye akili. Nikamwambia Fundi Gwakisa, kama hunichomelei stendi nitajijengea. Nikaagiza magunia ya pumba kutoka Ubaruku. Nikayapanga nguzo mbili, nikiyapishanisha kama matofali, mpaka usawa wa kifua cha mtu, juu nikaweka tairi dogo, chuma kinalala kwenye uwazi wa tairi. Unaingia chini yake, unakipokea, unapiga hatua mbili nyuma, unachuchumaa, unakirudisha. Nilijivuna, nakiri. Watu walitoka Uyole kuja kuitazama stendi yangu. Nilisimama kando yake mikono nyuma kama mkuu wa wilaya.

Kosa nililofanya, mtu yeyote aliyekaa na wafugaji angeliona. Pumba ni chakula. Jirani yetu alikuwa na ng'ombe wa maziwa, na mchana mmoja ng'ombe akakata kamba. Nilitoka kuchota maji, kurudi nikakuta chuma kimelala upande kama mlevi, na nguzo ya kushoto imebaki kiunoni. Ng'ombe amesimama katikati ya jimu anatafuna kwa utulivu, pumba imemjaa puani.

Fundi Gwakisa akaja mbio. "Bibi! Nani kala stendi?"

"Muulize mwenye pembe."

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Lakini baada ya kicheko nilijiuliza, je, kama chuma kingekuwa na mtu chini yake? Pale pale nikaamua kwamba magunia yatajazwa mchanga. Nikampigia simu Mzee Ambakisye, dereva mstaafu mwenye pikapu, anisombee mchanga. Akasema utafika ndani ya wiki. Huku tukisubiri tukarudi kwenye watwikaji wawili.

Hapa sasa nimefika kwenye ile mara moja.

Kati ya wanawake wangu kulikuwa na Kabula na Tumpe. Kabula ni wa zile familia zilizohamia Usangu na ng'ombe kutoka Usukumani, mrefu, mkimya, ana nguvu za kutisha na hajui. Alikuwa anauza vitunguu Igawa pale barabarani, halafu akaja mjini kutafuta kipato, akawaacha watoto wake wawili Igawa kwa mama yake. Tumpe ni Mnyakyusa wa hapa hapa Iyunga, mfupi, mdomo kama redio. Mmoja hasemi, mwingine hanyamazi, kwa hiyo walipendana.

Mwaka huo mwanamke mmoja wa Iringa, Dada Hilda, alipita kwetu. Alikuwa anafungua jimu yake na anatafuta mwalimu wa wanawake, ambaye angempa na chumba cha kukaa nyuma ya jimu. Akamwona Kabula. Akamwambia, "Nina bonanza la ufunguzi baada ya wiki sita. Uje uchuchumae na kilo themanini mbele ya watu, ushuke mpaka chini ya magoti, upande. Ukiweza, kazi ni yako na chumba ni chako. Wateja wangu lazima waone kwa macho." Kabula usiku ule alimpigia mama yake simu, akasema neno moja tu ambalo Tumpe alinisimulia: "Wafundishe watoto kupanga nguo zao." Maana yake alikuwa ameshawahamisha kichwani.

Siku ya ajali Kabula alikuwa na kilo sitini mgongoni. Kushoto nilisimama mimi. Kulia alisimama Tumpe. Kabula akashuka vizuri, na wakati yuko chini kabisa, Mzee Ambakisye akaingia na gunia la kwanza la mchanga begani, bila hodi, kwa sababu mikono imejaa.

Mzee Ambakisye ni baba mkwe wa Tumpe.

Wanaojua Wanyakyusa wa kale wanajua. Katika nyumba ile mke wa mtoto hakutani na baba mkwe wake. Hamtazami, hamsemeshi, jina lake halitaji, akimwona njiani anaingia hata kwenye migomba ampishe. Si chuki, ni heshima, na ndivyo Tumpe alivyoishi miaka sita. Nyumba nyingine wameacha. Ile haijaacha. Na mimi nilijua! Mimi ndiye niliyemwita yule mzee kwa mdomo wangu, na mimi ndiye niliyempanga Tumpe kulia, uso wake ukitazama mlango. Sikuunganisha.

Tumpe alimwona mkwewe, akaachia chuma na kukimbia. Hakuamua; miguu iliamua. Alipita dirishani. Dirisha lile ni dogo, mpaka leo hatujui alipitaje.

Upande wa kulia ukashuka, gia zikachomoka, chuma kikapinduka upande wangu nikakikumbatia nikaanguka nacho. Gia moja ikabingirika ikatoka mlangoni, ikavuka uwanja, ikaingia kwenye karai la mama wa maandazi. Bahati alikuwa hajawasha moto. Kabula alikuwa amelala ubavu, hasemi.

Nikatambaa mpaka kwake. "Kabula. Kabula mwanangu."

Akafumbua jicho moja, "Bibi, nimekufa?"

"Waliokufa hawaulizi. Chezesha vidole vya miguu."

Akachezesha. Nikalia, na mimi siyo mtu wa kulia. Bega lilikuwa limeteguka kidogo na shingo imechubuka. Hospitali wakasema wiki mbili asinyanyue kitu.

Wiki mbili zikaisha, Kabula akarudi. Mwili ulipona. Lakini sasa akishuka, anafika nusu anageuza macho kulia, anasimama. Kilo sitini, nusu. Arobaini, nusu. Chuma kitupu, nusu. Hata nguzo za mchanga zilikuwa tayari, nzuri, hazina ng'ombe, lakini hazikumsaidia; tatizo lake halikuwa chuma, lilikuwa ule upande wa kulia. Nilimsimamisha Lusajo kulia. Nusu. Nikasimama mwenyewe. Nusu. Wiki tatu zimebaki kufika Iringa.

Nikaenda kwa Tumpe. Alikuwa hajakanyaga jimu tangu siku ile. Nikamkuta anamenya viazi, redio imezimika.

"Bibi, niliapa kushika. Miguu ikakimbia yenyewe."

"Miguu ni yako au ya mkweo?"

"Ningefanyaje? Ningemtazama?"

"Sikukwambia umtazame. Nakwambia ukishika chuma huna mkwe. Huna mume, huna mtoto, huna nyumba inayoungua. Una Kabula. Ukishamtua, mkwe anarudi, ingia hata kwenye shimo."

Akanyamaza. Kwa Tumpe kunyamaza ni ugonjwa, nikajua limeingia.

Kisha nikaenda kwa mzee mwenyewe. Alinikaribisha kiti, akanipa chai. "Nimeleta mchanga," akasema, "nimeambiwa nimeua. Nimekosa nini mimi?"

"Hujakosa. Nimekosa mimi. Lakini yule binti wa Igawa hatashuka mpaka aone Tumpe ameshika na wewe upo."

"Unataka nivunje heshima ya baba zangu kwa ajili ya chuma cha lori?"

"Sitaki uvunje. Nataka utupeleke Iringa na pikapu yako."

Akacheka kwa pua. Akasema atafikiria. Kesho yake asubuhi alipiga honi mara mbili nje ya jimu, akangoja, ndipo akaingia. Honi mbili maana yake: nakuja, geuka. Tumpe alikuwa amerudi, ameshika chuma upande wa kulia. Aligeuza shingo ukutani, mikono haikutoka. Kabula akaona. Siku hiyo alifika robo tatu. Kwa wiki mbili mzee alikuja kila asubuhi na honi zake, akisingizia mchanga. Tulikuwa na mchanga wa kujenga ghorofa. Lakini ile robo iliyobaki ilikataa.

Safari ya Iringa ilikuwa kama harusi. Pikapu ya mzee ina viti vya mbele na vya nyuma, basi kanga yangu tukaitundika katikati kama pazia. Mbele mzee na mimi, nyuma Tumpe na Kabula, huko kwenye bodi chuma na gia zetu. Wakitaka kusimama, Tumpe ananiambia mimi, mimi namwambia mzee, na mzee amesikia tangu mwanzo. "Bibi, mwambie dereva tunataka kujisaidia." "Dereva, wanataka kujisaidia." "Mwambie nasimama Igawa." Igawa tukasimama, watoto wa Kabula wakaletwa na bibi yao, wakamvaa mama yao miguuni wote wawili. Yule mdogo akaniuliza, "Unampeleka mama wapi?" Nikamwambia, "Kuchuchumaa." Akasema, "Mbona hata hapa anaweza?" Kabula hakucheka.

Iringa baridi ilitupokea vizuri. Kwa Dada Hilda kulikuwa na stendi, mpya, imepakwa rangi nyekundu. Nikaizunguka. Mguu mmoja ulikuwa mfupi, wameweka kipande cha boksi chini yake.

"Kamwene, Dada Hilda. Huyu hatumii hii."

"Kamwene, Bibi. Jamani, nimetoka kuinunua!"

"Chuma nakiamini. Boksi siliamini."

Basi tukawa bila stendi, kama kwetu. Tukaweka matairi chini kushoto na kulia, ya kupokea chuma kikianguka. Kushoto mimi. Kulia Tumpe. Mzee Ambakisye tulikubaliana abaki kwenye gari. Ukumbi ulikuwa umejaa, wanawake wa Iringa wamekaa na masweta yao wanatazama kama watu wanaoonja mboga. Kabula alipewa majaribio matatu ya zile kilo themanini.

La kwanza, alifika nusu, macho kulia, akasimama. Haihesabiki.

La pili, robo tatu. Haihesabiki. Mtu wa nyuma akasema kwa sauti, "Huyo magoti yana kutu." Dada Hilda akatazama saa. Nikamsogelea Kabula.

"Kama hutaki tunarudi," nikamwambia kwa sauti ya chini. "Hakuna atakayekudai."

"Nataka, Bibi. Moja, mbili, twika."

Tukamtwika. Akaanza kushuka. Na mimi, kwa kuwa natazama mlango, nikamwona mzee. Zile kelele zilimshinda, alikuja kuchungulia. Hakuna honi. Amesimama mlangoni na koti lake kubwa, ametazama moja kwa moja upande wetu. Nikamtazama Tumpe, naye kwa jicho la pembeni alikuwa ameshaviona viatu vya mzee. Anavijua vile viatu, kwa sababu miaka sita anatazama chini. Mwili wake wote ukaruka. Mikono peke yake ilibaki chini ya chuma.

Mzee naye akaona kwamba ameonekana. Kabula yuko chini, bado robo ileile. Sijui mtu mzima wa heshima yake alifikiri nini. Alilivua koti, akajifunika gubigubi kichwa mpaka kiunoni, mbele ya umati mzima wa Iringa, na kutoka ndani ya koti akapaza sauti:

"Mimi sipo hapa! Shika chuma!"

Ukumbi mzima ukageuka kutazama koti linalosema. Mwanamke mmoja akaanguka kwenye benchi kwa kicheko. Mimi machozi yalinitoka na pumzi ilinikwama, nikajiuma mdomo nisiachie. Tumpe alikuwa anacheka na kulia, mabega yanamtikisika, na ile mikono imetulia kama nguzo za mchanga.

Ni mtu mmoja tu ambaye hakugeuka. Kabula alikuwa anatazama mbele. Akaipita ile robo, akashuka chini ya magoti, akatulia pale kidogo kama mtu anayechota maji, kisha akapanda. Polepole, bila kuyumba, mpaka juu.

"Tua," akasema.

Tukamtua kwa pamoja. Dada Hilda alikuwa ameshafika katikati ya ukumbi, amemshika mikono, anapiga kelele kuliko wote: "Unaanza lini? Watoto wana umri gani? Kile chumba nitakipaka rangi!" Kabula akajibu umri wa wa kwanza, akasahau wa pili. Wanawake wa masweta wakawazingira wote wawili, sikuona tena kitu ila migongo.

Mlangoni koti lilikuwa bado limesimama. Kutoka ndani, mzee akauliza, hakuna aliyemsikia kwa zile kelele ila mimi na Tumpe:

"Amesimama?"

Tumpe akageukia ukuta, akasema kwa sauti, na yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa mzee yule tangu aolewe:

"Amesimama, baba."